Kushuka Malta Ukiwa Kazini Melini: Mwongozo Kamili wa Valletta

Kwa mfanyakazi wa meli ya kitalii, Valletta ni bandari bora kuliko zote za Mediterania, kwa sababu moja: ukishuka tu, umeshafika. Civitavecchia huitwa bandari ya Roma, lakini Roma yenyewe iko mwendo wa saa nzima au zaidi kwa treni. Livorno na Florence ni hivyohivyo. Malta, meli inafungwa kamba chini ya kuta za mji mkuu, na kutoka ngazi ya meli mpaka barabara kuu ya mji ni kama nusu saa kwa miguu, foleni ya lifti ikiwemo. Abiria analipia ziara ya basi. Wewe unahitaji viatu vizuri, euro chache na hesabu nzuri ya saa.

Wanaoharibu siku yao Malta ni wale wanaotaka kisiwa kizima ndani ya mapumziko ya mchana. Kisiwa kikuu kina urefu wa kilomita 27 na upana wa kilomita 14 hivi, kidogo hata kuliko Mafia, kwa hiyo kwenye ramani kila kitu kinaonekana kiko jirani. Halafu unapanda basi mwezi wa nane, foleni ya magari haisogei, watu wamesimama mpaka mlangoni, na macho yako yote yako kwenye saa badala ya dirishani. Chagua sehemu moja na uimalize. Waliokuja kwa likizo ndio wenye muda wa kisiwa kizima.

Kabla ya siku yenyewe

Anza na zamu yako. Meli ikiwa bandarini, idadi fulani ya wafanyakazi lazima ibaki ndani kwa ajili ya dharura, na orodha hiyo hubandikwa mapema. Itazame siku mbili tatu kabla ya Malta. Ukijikuta humo, tafuta mtu wa kubadilishana naye, na mabadiliko hayo yaandikwe na msimamizi wako. Makubaliano ya mdomo kwenye mesi ya wafanyakazi hayatakusaidia pale getini kadi yako itakapokataa. Angalia pia kama asubuhi hiyo kuna zoezi la dharura la wafanyakazi. Mazoezi hayo hupangwa bandarini wakati abiria wameshuka, na saa yako moja inaweza kuliwa hapo.

Jua pia haki yako. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ambao melini kila mtu anauita MLC, unadai mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24 na saa 77 katika siku saba. Mapumziko ya siku yanaweza kugawanywa mara mbili tu, na kipande kimoja kiwe cha saa 6 au zaidi. Kutembea mjini kunahesabiwa ndani ya mapumziko hayo. Maana yake ni kwamba ukitoka saa nne na nusu asubuhi baada ya kuhudumia kifungua kinywa, na unarudi kazini saa kumi na moja jioni, usingizi unaouacha leo utaulipa usiku. Kuna siku za Agosti ambazo mtu wa jikoni anafanya la busara kulala kebini. Malta haihami, na kwa ratiba nyingi za kiangazi meli itarudi baada ya wiki moja au mbili.

Sasa karatasi, ambapo watu wengi wa kwetu hukwama. Malta imo katika Umoja wa Ulaya tangu 2004 na katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, tangu Desemba 2007. Ukiwa na viza ya Schengen inayoruhusu kuingia, nenda utakako. Kama huna, kanuni za mipaka za Schengen zinazipa nchi nafasi ya kumruhusu baharia ashuke kwa kitambulisho cha ubaharia kinachofuata mikataba ya Shirika la Kazi Duniani (ILO), ule wa namba 108 wa 1958 au wa namba 185 wa 2003, mradi jina lake limo kwenye orodha ya wafanyakazi iliyokwisha kukaguliwa. Ruhusa hiyo ina mipaka yake: eneo la bandari na manispaa zinazopakana nalo. Gati lenyewe liko Floriana, na Valletta inapakana na Floriana, kwa hiyo mji mkuu uko salama. Mdina, huko katikati ya kisiwa, uko nje ya mipaka hiyo. Kabla ya kushuka, uliza ofisi ya wafanyakazi melini maneno mawili tu: nashuka kwa karatasi gani, na mwisho wangu ni wapi. Wakala wa bandari ndiye aliyeongea na uhamiaji, kwa hiyo jibu lake ndilo la kufuata, hata kama rafiki yako alikwenda mbali zaidi mwaka jana akarudi salama.

Pasipoti kwa kawaida hukaa kwa wenye ofisi. Wewe beba kadi ya meli, kitambulisho cha ubaharia, na picha ya ukurasa wa kwanza wa pasipoti kwenye simu. Kwenye karatasi ndogo mfukoni andika jina la meli, jina la gati na namba ya wakala wa bandari, ambayo huchapishwa kwenye taarifa ya kila siku ya wafanyakazi. Karatasi haiishiwi chaji.

Saa ipi ndiyo saa

Malta iko saa moja nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam wakati wa kiangazi, na saa mbili nyuma wakati wa baridi. Kwa simu za nyumbani hiyo ni nafuu kubwa. Hatari iko kwenye meli zinazotoka Ugiriki, ambayo iko saa moja mbele ya Malta. Nahodha anaweza kurudisha saa za meli nyuma usiku ule, au akaziacha zilivyo, huku simu yako ikishika mtandao wa nchi kavu na kujibadilisha yenyewe bila kukuuliza. Inayohesabika ni saa ya meli. Vaa saa ya mkono, uiweke sawa na ile ya mesi, na simu uiachie kazi ya picha.

Kumbuka pia kwamba saa ya mwisho ya wafanyakazi kurudi hutangulia ile ya abiria, mara nyingi kwa nusu saa au saa nzima. Bango lililo chini ya ngazi limeandikiwa abiria. Saa yako iko kwenye ubao wa wafanyakazi.

Kisha panga safari kwa kurudi nyuma. Tuseme zamu inaanza saa kumi na moja jioni. Unahitaji kuoga na kuvaa, kwa hiyo uwe ndani ya meli saa kumi. Ukaguzi wa getini ukiwa na foleni unakula dakika kumi na tano, na kushuka kutoka mjini dakika ishirini na tano. Basi saa tisa na dakika ishirini uso wako uwe umeelekea bandarini. Ukishuka saa tano asubuhi, umebaki na saa nne na kidogo. Hizo ndizo za kugawa.

Joto

Julai na Agosti, vipimo vya mchana huzunguka nyuzi 31 na 32, na zikiwa mbaya hupita 35. Mtu wa Mombasa au Tanga atasema hiyo ni kawaida. Si kawaida. Pwani yetu ina minazi, miembe na upepo wa kusi. Valletta ni jiwe tupu la rangi ya asali, na jiwe hilo linapokea jua na kukurudishia usoni. Upepo wa kusini unaotoka Sahara ukivuma, wenyewe wanauita xlokk, hewa inakuwa nzito na kivuli chenyewe hakisaidii sana.

Kwa hiyo mpangilio uwe hivi: mandhari ya wazi kabla ya saa sita, ndani ya majengo kuanzia saa sita hadi saa nane, kisha vichochoro. Chupa ya maji ijae kabla ya kushuka. Maji ya bomba ya Malta yanafaa kunywa, mengi yametokana na bahari iliyochujwa chumvi, ila ladha yake haipendezi. Kofia na miwani ya jua si mapambo. Viatu viwe vya soli inayoshika, kwa sababu mawe ya barabara yamelainishwa na miguu ya karne nne na yanateleza hata yakiwa makavu, hasa kwenye ngazi. Acha sare na beji ya jina kebini. Abiria atakayekutambua atakuuliza njia ya chooni hata ukiwa na koni ya aiskrimu mkononi.

Pesa, simu na plagi

Sarafu ni euro tangu 2008. Mshahara wa melini huja kwa dola kwenye kadi, na kadi hiyo hukata ada kila unapotoa pesa, kwa hiyo toa mara moja kiasi cha kutosha. Tumia mashine iliyo kwenye ukuta wa benki halisi, kama Bank of Valletta, badala ya zile za rangi kali zilizosimama mbele ya maduka ya zawadi. Mashine ikikuuliza kama unataka ikubadilishie kwa dola kwa kiwango chake, kataa. Chagua ukatwe kwa euro. Basi na maduka mengi hupokea kadi ya kugusa, lakini wauza vitafunwa wanapenda sarafu.

Kuhusu simu, kama ulinunua laini Italia au Uhispania yenye bando la matumizi ndani ya Umoja wa Ulaya, inafanya kazi Malta bila gharama ya ziada. Ndiyo maana nashauri laini inunuliwe kwenye bandari ya kwanza ya msimu, bila kusubiri Malta. Meli kubwa mbili zikiwa gatini, intaneti ya bure ya mikahawa ya pale chini huwa nzito. Panda mjini ndipo upige simu ya video.

Jambo dogo la kufurahisha: Malta ilikuwa koloni la Waingereza mpaka 21 Septemba 1964, kwa hiyo plagi zao ni zile za pini tatu nene tunazotumia Kenya na Tanzania, na umeme wa nguvu ileile. Kifaa utakachonunua hapo hakitahitaji adapta nyumbani. Ila walinzi wa meli hawaruhusu pasi, birika la umeme wala waya wa kuongezea plagi ndani ya kebini. Watakishika na kukihifadhi mpaka siku ya kumaliza mkataba. Magari pia yanapita kushoto, kwa hiyo kwa mara moja Ulaya unavuka barabara bila kujikanganya.

Kupanda mjini

Ukitoka getini uko mbele ya safu ya majengo marefu yenye milango ya rangi. Ni maghala yaliyojengwa katikati ya karne ya 18 na mkuu wa kisiwa wa wakati ule, Pinto, na gati bado lina jina lake. Leo ni mikahawa. Ni mizuri, na bei zake zimepangwa kwa mtu aliyeshuka kwenye meli. Pita.

Fuata barabara ya ufukweni, maji yakiwa kulia kwako, mji ukiwa juu mbele. Baada ya dakika kumi hadi kumi na tano utafika kwenye handaki kubwa lililochongwa mwambani, na hapo iko lifti ya Upper Barrakka, mita 58, iliyofunguliwa mwishoni mwa 2012. Nauli ni kama euro 1. Foleni ikiwa ndefu, na itakuwa ndefu saa tatu asubuhi abiria wanapomwagika, endelea mbele kidogo, pandisha kilima na uingie kwa Victoria Gate. Ni ngazi na mteremko, jasho litakutoka, lakini unafika. Madereva wa teksi na wa mikokoteni ya farasi watakuambia ni mbali. Si mbali.

Ukiwa na mzigo au mguu unauma, Bolt ileile ya Dar na Nairobi inafanya kazi hapa. Bei unaiona kabla ya kupanda.

Valletta yenyewe

Lifti inakutoa kwenye bustani ya Upper Barrakka. Simama ukingoni. Chini ni Bandari Kuu, meli yako iko kulia ikionekana kama ya kuchezea, na ng'ambo kuna ndimi za nchi kavu zilizojaa ngome. Chini ya bustani kuna safu ya mizinga, na saa sita kamili mchana mzinga unapigwa, kisha tena saa kumi jioni. Kama umefika saa tano na nusu, subiri. Kutazama kutoka juu bustanini ni bure.

Ukitaka kuielewa picha iliyo mbele yako, jua mwaka mmoja: 1565. Kisiwa kilikuwa mikononi mwa Shirika la Mtakatifu Yohane, watawa waliokuwa pia wanajeshi, waliofukuzwa Rhodes na Waturuki wa Osmani na kupewa Malta mwaka 1530. Mwezi Mei 1565 Waosmani wakaja na jeshi kubwa. Ngome ya St Elmo, ile iliyo kwenye ncha ya mji, ilishikilia kwa mwezi mmoja hivi kabla ya kuanguka, na hapo ndipo nahodha mashuhuri wa Waosmani, Turgut Reis, alipopata jeraha lililomuua. Ngome za ng'ambo hazikuanguka. Septemba Waosmani wakaondoka. Kilima unachosimama juu yake wakati huo kilikuwa kipara. Mkuu wa shirika, Jean de Valette, aliweka jiwe la msingi la mji mpya tarehe 28 Machi 1566, na mji ukachukua jina lake.

Aliyeuchora ni Mwitaliano, Francesco Laparelli. Barabara zake zimenyooka kama mistari ya daftari, ili upepo wa bahari upite toka upande mmoja wa rasi hadi mwingine. Saa nane mchana utamshukuru. Mtu aliyekulia Mombasa atazitambua kuta: zile pembe zilizochongoka, zilizopangwa ili kila ukuta ulindwe na mizinga ya ukuta mwingine. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593, nayo ilichorwa na Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, wa elimu hiyohiyo ya ngome. Tofauti ni kwamba Wareno walijenga ngome moja mdomoni mwa mji, na hapa mji mzima ndio ngome.

Jambo moja usilolisoma kwenye mabango mengi: merikebu za shirika hilo zilivutwa kwa makasia na watumwa, wengi wao mateka Waislamu waliokamatwa baharini, na Valletta ilikuwa na gereza lao kubwa. Utumwa huo ulikomeshwa Napoleon alipokiteka kisiwa mwaka 1798. Sisi tunaotoka pwani yenye historia yake ya watumwa tunaweza kuitazama bandari hii kwa macho mawili.

Sasa jua limekuwa kali, ingia ndani. Kama utalipia kitu kimoja tu Malta, kiwe kanisa kuu la Mtakatifu Yohane. Kiingilio kinazidi euro 10, na kwa mshahara wa kuanzia hiyo inauma, lakini sijui mahali pengine kwenye njia hii ambapo pesa hiyo inanunua zaidi. Nje ni jengo la jeshi, halina urembo. Ndani hakuna pa kupumzisha macho: kuta zimechongwa na kupakwa dhahabu, na sakafu nzima ni makaburi ya watawa-askari, mamia ya mabamba ya marumaru za rangi yenye mafuvu, panga na malaika. Mabega na magoti yafunikwe, na viatu vya visigino vyembamba haviruhusiwi kwa sababu vinatoboa marumaru. Jumapili halifunguliwi kwa watalii, kwa hiyo ukifika siku hiyo badilisha mpango wote.

Katika chumba cha pembeni kuna mchoro wa Caravaggio wa mwaka 1608, Kukatwa Kichwa kwa Yohane Mbatizaji, wenye upana wa zaidi ya mita tano. Ndio mchoro pekee aliouweka sahihi yake, na aliiandika ndani ya damu inayomwagika shingoni mwa Yohane. Caravaggio alikimbilia Malta baada ya kuua mtu Roma, akapokewa kwenye shirika, akagombana tena, akafungwa kwenye ngome ya St Angelo ile uliyoiona ng'ambo, akatoroka. Walimfukuza kwenye shirika mwezi Desemba mwaka uleule, kikao kikifanyika mbele ya mchoro huu huu. Kaa kwenye benchi dakika kumi. Chumba kina ubaridi.

Ukitoka, teremka Republic Street au Merchants Street mpaka mwisho wa rasi. Jumba la makumbusho ya vita ndani ya St Elmo ni la mwenye hamu ya vita. Humo imo nishani ya George Cross ambayo Mfalme George wa Sita alikitunuku kisiwa kizima tarehe 15 Aprili 1942, mabomu yalipokuwa yakinyesha kila siku. Mimi ningepita hadi Lower Barrakka, bustani ndogo yenye kivuli na watu wachache, ambako unaweza kukaa, kula ulichobeba na kuzitazama feri zikipita mdomo wa bandari.

Ng'ambo: Miji Mitatu

Miji Mitatu ni Birgu, Bormla na Senglea, iliyo ng'ambo ya Bandari Kuu, na ndiyo safari ninayompendekezea mtu aliyeshaiona Valletta mara moja. Karibu na chini ya lifti kuna kivuko cha kwenda Bormla, na pia mashua ndogo za mbao zenye pua iliyoinuka, ziitwazo dgħajsa, ambazo huvusha watu wachache kwa euro chache. Patana bei kabla hujakanyaga mashua. Panda mashua angalau upande mmoja. Kukatiza Bandari Kuu ukiwa umekaa nusu mita juu ya maji, baada ya miezi ya kuitazama bahari kutoka ghorofa ya kumi, ni jambo lingine kabisa.

Ukishuka, lenga Birgu. Ni mji wa watu: nguo zinaanikwa, paka wamelala milangoni, wazee wamekaa kivulini wakibishana. Watawa waliishi hapa kabla ya Valletta kujengwa. Jumba la Msimamizi wa Baraza la Kidini (Inquisitor's Palace), baraza lililohukumu watu kwa uzushi, liko wazi kwa wageni na lina vyumba vya gereza vyenye maandishi yaliyokwaruzwa na wafungwa. Kama unashuka bila viza, uliza kwanza kama ruhusa yako inafika upande huu wa bandari.

Kama una siku nzima na viza

Mara chache sana meli hulala Malta, au unapewa mapumziko ya siku nzima. Hapo unaweza kwenda Mdina, mji mkuu wa zamani, wenye kuta zake na magari machache mno. Mabasi ya namba 51, 52, 53 na 56 huondoka kwenye kituo kikuu nje ya lango la Valletta, karibu na chemchemi ya Triton. Tiketi ya saa mbili ni euro 2.50 majira ya joto na 2 majira ya baridi. Hesabu zaidi ya nusu saa ya safari, na wakati wa kurudi uongeze mara mbili, maana basi lililojaa halisimami. Rabat, mji unaoshikana na Mdina, una makaburi ya chini ya ardhi ya Mtakatifu Paulo. Wasomaji wa Matendo ya Mitume wanakumbuka sura ya 28, meli ya Paulo ilipovunjika na wenyeji wa Malta wakawawashia moto.

Kuoga baharini ni rahisi zaidi. Vuka kwa feri kutoka upande wa pili wa Valletta hadi Sliema, tembea ufukweni, na utakuta mwamba tambarare wenye ngazi za chuma za kushukia majini. Usitafute mchanga. Vaa kandambili za kufunga, kuna viumbe wa baharini wenye miiba mwambani, na angalia kama waliomo majini wanatoka wakijikuna: maana yake konyeza, wale viumbe laini kama jeli wanaowasha, wamekuja.

Kisiwa cha Comino na maji yake ya buluu, kisiwa cha Gozo, na mahekalu ya Ħaġar Qim yaliyosimama tangu kabla ya piramidi za Misri, viachie likizo. Hypogeum, kaburi la chini ya ardhi lenye umri kama huo, huingiza watu kumi tu kwa zamu, na tiketi huisha wiki nyingi kabla.

Kula na kusali

Chakula cha baharia Malta ni pastizzi, keki ya matabaka yenye jibini laini au njegere, inayotoka kwenye oveni ikiwa moto na haigharimu zaidi ya euro moja hivi. Mbili zinatosha kwa mchana. Muislamu aulize kwanza, kwa sababu unga wake wa jadi hukandwa kwa mafuta ya nguruwe ingawa wengi siku hizi hutumia majarini. Karibu na lango la mji huuzwa imqaret, vipande vyenye tende ndani vinavyokaangwa mbele yako, na mtu wa pwani hatavihitaji kuelezewa. Kunywa Kinnie ya baridi, soda ya machungwa machungu. Wengine huichukia. Ukitaka kula kwa kukaa, agiza ftira, mkate wa duara wenye samaki jodari, nyanya na zeituni, kwenye kichochoro chochote mbali na Republic Street.

Kwa sala ya Ijumaa kuna msikiti wa Mariam Al-Batool huko Paola, dakika chache kwa gari kutoka gatini. Wakatoliki hawatapata shida, makanisa yako kila kona. Tarehe 15 Agosti ni sikukuu ya Bikira Maria na maduka mengi hufungwa, kwa hiyo usipange manunuzi siku hiyo. Hata siku za kawaida, maduka mengi nje ya Valletta hufungwa kuanzia saa saba hadi saa kumi.

Kurudi

Getini mizigo itapita kwenye mashine. Pombe itashikwa, visu vitashikwa, na kwenye meli nyingi vyakula vibichi pia. Asali, chumvi ya Gozo na vyombo vya fedha vilivyosokotwa kwa nyuzi hupita bila maneno.

Ukiona huwahi, usikimbie kwanza. Piga simu. Mpigie msimamizi wako au wakala wa bandari, useme uko wapi na utafika lini, kisha chukua teksi. Meli inayojua uko dakika nane mbali inaweza kukuwekea ngazi. Isiyojua itaiinua. Ikishaondoka, baki hapohapo gatini na umtafute wakala, kwani mara nyingi pasipoti yako imeachwa kwake, na yeye ndiye atakayekupangia usafiri wa kuifuata meli bandari inayofuata. Usiondoke eneo la bandari, usilale kwa rafiki mjini: ruhusa yako ya kuwa nchini ilitegemea meli hiyo, na tangu ilipofungua kamba kila saa unayopita bila kuripoti inakuhesabia vibaya kwa uhamiaji. Gharama ya tiketi huenda ikakatwa kwenye mshahara wako, na onyo la maandishi litakuwepo. Andika maelezo yako siku hiyohiyo, kwa saa na dakika, ukiambatanisha risiti ya teksi.